Kazi 50 za Kronos Zilivyofika Kibokoni: Tathmini ya Mwalimu wa Fidla

Kwa muda wa miezi kumi sasa, vijana wanne ninaowafundisha katika chumba cha juu cha nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale, wamekuwa wakisoma nota ambazo hazikununuliwa, hazikuibwa, wala si nakala iliyotolewa kwenye nakala ya nakala. Zilitoka San Francisco, Marekani, kwa shirika lisilotafuta faida liitwalo Kronos Performing Arts Association, ambalo ndilo linaloendesha shughuli za kwateti ya nyuzi ya Kronos, na zilitolewa wazi ili zipakuliwe na kupigwa na yeyote azitakaye. Nimeona ni haki niandike tathmini ya huduma hii kwa upana, kwa sababu walimu wenzangu wa muziki niliowaeleza habari zake walidhani nimeghuriwa, na wawili kati yao waliniuliza bili ingekuja baada ya siku ngapi. Bili haikuja.

Kwa msomaji asiyelijua jina hilo, kwateti ya nyuzi ni kundi la wapigaji wanne: wawili hupiga fidla, mmoja hupiga viola, ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi, na wa nne hupiga selo akiwa ameiweka kati ya magoti. Muundo huu ulistawi Ulaya tangu karne ya 18, na mtu anayeusikia leo mara nyingi huusikia kwa kazi za watunzi waliofariki zamani sana. Kronos ilianzishwa kwa nia nyingine. Mwaka wa 1973, David Harrington, mpiga fidla kijana wa Seattle, alisikia redioni kazi ya George Crumb iitwayo Black Angels, ya mwaka wa 1970, wakati Marekani ilipokuwa vitani Vietnam. Katika kazi hiyo wapigaji hutumia vikuza sauti, hugonga upatu, husugua glasi zilizotiwa maji, na hutamka hesabu kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Jambo hili la mwisho niliwasomea wanafunzi wangu mara mbili, kwa kuwa hawakuamini mara ya kwanza kwamba lugha yao ilikwisha kuingia katika muziki wa aina hiyo kabla hata wazazi wao hawajaoana. Harrington aliunda kundi lake ili aweze kuipiga kazi hiyo, na tangu hapo kundi hilo limejikita katika kazi mpya, za watunzi walio hai, ambao wengi wao huombwa na kulipwa waandike.

Mtunzi wa kwanza kabisa kuliandikia kundi hilo alikuwa Ken Benshoof, na malipo yake, kama wenyewe wanavyosimulia, yalikuwa mfuko wa donati. Leo kazi zilizotungwa au kupangwa upya kwa ajili ya Kronos zimepita 1,000. Mwaka wa 1992 walitoa mkusanyiko wa kazi za Kiafrika peke yake, Pieces of Africa, ambamo yumo Hamza El Din, Mnubi aliyekuwa bingwa wa udi, na jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda. Mwaka wa 2011 walitunukiwa tuzo ya Polar ya Sweden. Mwaka wa 2024 wawili kati ya wapigaji waliodumu muda mrefu, John Sherba na Hank Dutt, walistaafu, na nafasi zao zikachukuliwa na Gabriela Díaz na Ayane Kozasa. Ninayataja haya ili ieleweke kwamba huduma ninayoitathmini haikuanzishwa na watu waliojitokeza jana.

Huduma yenyewe inaitwa 50 for the Future, yaani kazi hamsini kwa ajili ya siku zijazo. Ilianza katika msimu wa 2015/16, ukumbi wa Carnegie Hall wa New York ukiwa mshirika mkuu, na ilitangazwa hivi: kila mwaka kwa miaka mitano shirika litaagiza kazi mpya kumi, nusu ya watunzi wakiwa wanawake na nusu wanaume, kisha kila kazi itawekwa kwenye mtandao bila malipo, ili wanafunzi na wapigaji chipukizi popote walipo wajifunze kwayo. Anayefungua ukurasa wa kazi moja hukuta karatasi ya jumla inayoonyesha sauti zote nne pamoja, karatasi ya kila ala peke yake, rekodi iliyopigwa na Kronos wenyewe, maelezo ya mtunzi kuhusu nia yake, na mara nyingi mahojiano naye. Mwalimu atafahamu mara moja uzito wa jambo hili. Nota bila sauti ni mifupa, na sauti bila nota humlazimisha mwanafunzi kuiga tu bila kuona jengo lilivyojengwa, na sisi wa Mombasa, kwa miaka mingi, tumekuwa tukipata kimojawapo tu kati ya hivyo viwili, tena kwa shida.

Naomba nieleze shida hiyo, kwa sababu bila yake thamani ya huduma haipimiki. Fidla si ngeni katika mji huu. Imo katika taarabu, na wazee wetu waliipiga kwa masikio, wakizifuata maqamu za Kiarabu, yaani ngazi za sauti ambazo wimbo hutembea ndani yake, na nyimbo za Kihindi kwa ustadi ambao sijauona ukiandikwa popote. Lakini kijana anayetaka kusoma nota huangukia kwenye vitabu vya mitihani ya gredi, ambavyo ni vizuri kwa kazi yake, ila huagizwa kutoka nje kwa bei inayomzidi mzazi wa kawaida wa Majengo au Likoni, na vikifika husambaa kwa nakala zilizofifia hadi mistari mitano ya nota huonekana minne. Isitoshe, kijana huyo hufundishwa bila kuambiwa kwamba muziki wa nyumbani kwao ni kitu kimoja na muziki ulioandikwa ni kitu kingine, na kwamba njia ya kutoka upande huu kwenda ule haipo. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na nilikaa miaka mingi nikiamini.

Upakuaji wenyewe hauna taabu. Karatasi za nota ni nyepesi, na bando la siku moja linatosha kazi kadhaa; rekodi na video ndizo zinazokula bando, kwa hiyo mimi huzipakua mara moja palipo na mtandao wa bure, kisha nikawapa vijana kwa simu. Kuchapisha kwenye saiba ya mtaani hunigharimu shilingi 10 kwa ukurasa, na kazi ya wastani, ukijumlisha karatasi za wapigaji wote wanne, huweza kuvuka shilingi 500. Ukiacha bando, hiyo ndiyo gharama pekee niliyoingia. Nashauri karatasi ya jumla ichapishwe nakala moja tu, ya mwalimu, na kila mwanafunzi apewe ya ala yake, kisha zitiwe kwenye mifuko ya plastiki, maana unyevu wa pwani hulainisha karatasi kama unavyolegeza gundi ya fidla na kuvimbisha vigingi vya kukazia nyuzi.

Kazi ya kwanza tuliyoichagua ndiyo iliyonifanya nikae nao hadi leo. Ni Sunjata's Time ya Fodé Lassana Diabaté, bingwa wa balafoni kutoka Mali, ambaye ala yake ni ya vipande vya mbao vilivyopangwa juu ya vibuyu. Diabaté hutoka katika ukoo wa majeli, yaani watunzaji wa historia na nyimbo za dola ya Mali, na kazi hii inasimulia habari za Sunjata, mwasisi wa dola hiyo katika karne ya 13. Ina sehemu tano. Nne za kwanza zimepewa majina ya watu wanaomzunguka shujaa: Sumaworo, mfalme mwenye uchawi aliyekuwa adui yake; Sogolon, mama yake; Nana Triban, dada yake; na Bala Faseke, jeli wake. Kila moja ya sehemu hizo humtanguliza mpigaji mmoja mbele ya wenzake, kwa hiyo hakuna mwanafunzi anayekaa nyuma mwaka mzima akishikilia sauti ya kujaza. Viola, ambayo kwa kawaida huwa yatima wa kundi, nayo ina siku yake. Sehemu ya tano huwakutanisha wote.

Jina la sehemu hiyo ya tano, Bara kala ta, maana yake ni kwamba aliushika upinde. Sunjata, kwa mujibu wa masimulizi, alikuwa mtoto asiyeweza kutembea, na siku aliyosimama aliuchukua upinde wa mishale. Nilipowaeleza vijana wangu maana hiyo walinyamaza kidogo, kisha binti anayepiga fidla ya pili akainua kile alichokuwa amekishika mkononi na kusema, "Mwalimu, na huu si ni upinde?" Mtunzi wa Mali hakujua kwamba katika Kiswahili kitu cha kurushia mishale na kitu cha kusugulia nyuzi vina jina moja, na mimi sikuwahi kulitafakari jambo hilo kwa miaka yote niliyofundisha. Kuanzia siku ile sehemu ya tano ilipigwa kwa namna nyingine.

Halafu likazuka la Liyongo, kama nilivyotarajia. Mtoto yeyote wa pwani aliyelelewa na bibi anajua kwamba Fumo Liyongo alikuwa hodari wa upinde, kwamba hakuna silaha iliyomwingia ila sindano ya shaba kitovuni, na kwamba siri hiyo ilitolewa na mwanawe wa kumzaa. Na kwamba alikufa kisimani akiwa amepiga goti, mshale umewekwa upindeni, hata watu wakaogopa kuteka maji. Na Sumaworo naye, katika masimulizi ya Mali, alikuwa na siri ya kumwangamiza, nayo ilitoka kupitia kwa Nana Triban aliyeingia nyumbani mwake kama mke. Tulikaa saa nzima bila kupiga nota hata moja, tukilinganisha visa hivyo viwili, na sidhani kwamba saa hiyo ilipotea. Mpiga selo, kijana mtaratibu asiyesema sana, aliuliza kwa nini Sunjata ana muziki wa kwateti na Liyongo hana. Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa dhahiri: hatujaandika.

Hapa ndipo ninapoona ubora mkubwa wa shirika hili, nao si ukarimu wake wa kugawa bure, ingawa huo ni mkubwa. Ubora wake ni kwamba lilimwendea fundi wa mapokeo ya mdomo, likamsikiliza kwa ala yake, likamweka pamoja na mpangaji, Jacob Garchik, aliyeyahamishia mawazo hayo kwenye ala nne za nyuzi, kisha jina la fundi likabaki juu ya ukurasa kama mtunzi kamili, katika orodha moja na Philip Glass na Terry Riley. Balafoni haikufanywa pambo la muziki wa wengine. Kwa mtu aliyekulia kwenye taarabu, akaona wapigaji wakubwa wakizikwa na kazi zao vichwani mwao, utaratibu huu ni kielelezo ambacho mtu anaweza kukifuata hatua kwa hatua hapa hapa Mombasa, akiwa na kinasa sauti cha simu, penseli, na subira.

Kazi ya pili tuliyoijaribu ni My Desert, My Rose ya Aleksandra Vrebalov, mtunzi mzaliwa wa Serbia. Karatasi zake huwashangaza wanaoziona mara ya kwanza, kwa kuwa hazina hesabu ya pamoja: kila mpigaji ana mfululizo wa vipande vifupi vya muziki, na ni juu yake kuamua akae katika kipande kimoja kwa muda gani, kwa kasi gani na kwa nguvu gani, akiwasikiliza wenzake hadi wote wanne wakutane katika sauti moja mwishoni. Vijana waliofundishwa kuhesabu moja mbili tatu nne walipotea kabisa. Walikuwa wakinitazama mimi niwape ishara, nami nilikuwa nimeambiwa na karatasi nikae kimya.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa jirani, aliyepiga fidla katika makundi ya taarabu ya mji huu tangu ujana wake, ambaye baada ya sala ya alasiri hupenda kuja kuketi kwenye kiti cha mlangoni. Fidla yake ameilegeza nyuzi mbili za juu, kama wanavyofanya wengi wa mtindo wa Kiarabu, ikawa sol, re, sol, re. Siku hiyo alisikiliza rekodi ya Kronos hadi mwisho, akaomba irudiwe, kisha akasema kwa Kimvita chake, "Hawa hawahisabu, wanangu. Wasikizana." Akawaeleza kwamba katika ufunguzi wa wimbo, kabla ngoma haijaingia, mpiga udi huachiwa nafasi atembee katika maqamu, na wenzake hawamhesabii, humngoja, wakajua kwa pumzi yake kwamba sasa anarudi nyumbani. Aliketi katikati yao, akawataka wafumbe macho. Kufikia adhana ya magharibi walikuwa wameipiga kazi nzima kwa mara ya kwanza bila kusimama. Mzee huyo hajui kusoma nota, na kazi hiyo imeandikwa kwa nota tupu, lakini katika chumba kile hakuna aliyeielewa upesi kuliko yeye.

Nyingine nitazipitia kwa haraka. Tegere Tulon ya Hawa Kassé Mady Diabaté, mwimbaji wa Mali, imetokana na michezo ya wasichana ya kupiga makofi, na inafaa sana kwa wanaoanza kupiga pamoja, kwa kuwa mapigo yake tayari yamo mikononi mwa mtoto yeyote aliyewahi kucheza uwanjani. Satellites ya Garth Knox, ambaye aliwahi kuwa mpiga viola wa kwateti ya Arditti, ni shule nzima ya upinde. Kuna mahali upinde hupitishwa hewani tu usikike mvumo wake, na hapo wanafunzi wangu walicheka, kisha wakagundua kwamba kuupitisha upinde hewani kwa wakati mmoja, watu wanne, ni kazi ngumu kuliko walivyodhani. Darmstadt Kindergarten ya Mark Applebaum huwataka wapigaji waiache sauti kidogo kidogo na kuendeleza muziki uleule kwa ishara za mikono. Kazi hiyo sijaipenda sana, naikiri, lakini imewafundisha kuushika muziki akilini hata ala ikinyamaza, na kwa sababu hiyo nitaendelea kuitumia.

Kazi ya Rhiannon Giddens, At the Purchaser's Option, nataka niitaje peke yake. Imetokana na tangazo la Marekani la zama za utumwa, lililomtangaza msichana mtumwa wa umri wa miaka 22 kuwa anauzwa, na kuongeza kwamba ana mtoto wa miezi tisa ambaye mnunuzi angeweza kumchukua au kumwacha apendavyo. Mpiga viola wangu anaishi Kengeleni, mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Hupita karibu na kengele hiyo kila siku akienda shule. Aliposoma maelezo ya mtunzi aliniomba ruhusa ayapeleke nyumbani akamsomee bibi yake, na wiki iliyofuata alirudi na kusema kwamba bibi alitaka kuusikia muziki wenyewe. Tuliurekodi kwa simu, kwa upigaji wetu na makosa yetu, tukampelekea.

Sasa nieleze mahali ambapo huduma hii haimfikii mtu wa hapa. La kwanza ni lugha: maelezo, mahojiano na maagizo yaliyo ndani ya nota yote niliyoyatumia ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha watunzi, ambacho hupenda mafumbo. Mwalimu anayetaka kuitumia na watoto wa shule ya msingi itambidi aketi usiku atafsiri kwanza. Mimi nimefanya hivyo kwa kazi sita, kwa kalamu, na ninakubali kumwazima mwalimu yeyote wa Mombasa daftari langu.

La pili ni kwamba huduma nzima imejengwa juu ya dhana kwamba zipo fidla mbili, viola na selo, tena nzima. Katika mji wetu viola ni adimu mno. Sisi tumefunga nyuzi za viola kwenye fidla ya kawaida, mbinu inayotumika kwa wanafunzi mahali pengi, na sauti ya chini kabisa hutoka kama ya mtu mwenye mafua. Selo tunaiazima kwa kanisa moja siku ambazo kwaya haina mazoezi. Mtu mwenye udi, ganuni na kodiani hatakuta karatasi inayomhusu katika mfumo huu ulioandikwa kwa ala nne za kwateti, ingawa karatasi ya jumla inaweza kumsaidia akipanga upya mwenyewe, kwa heshima ya jina la mtunzi. Hapo niseme kwa uwazi: kupewa nota bure si kupewa umiliki. Nimekwisha kusikia mtu akipendekeza tuzichapishe na kuziuza kwa shule. Hilo lisifanyike. Jina la mtunzi litamkwe kila kazi inapopigwa mbele ya watu, na programu ya onyesho, hata ikiwa ni karatasi moja iliyokunjwa, iliandike.

La tatu ni ngazi ya ugumu. Kazi hizi si mazoezi ya wanaoanza kushika fidla leo. Sunjata's Time inamhitaji mwanafunzi aliyekwisha kuizoea nafasi ya tatu ya mkono wa kushoto, yaani kuusogeza mkono kwenye shingo ya ala ili kufikia sauti za juu, na anayeweza kushika mapigo yanayogongana bila kutetereka. Mwanafunzi wangu dhaifu zaidi amesoma miaka minne, na bado tulipunguza kasi karibu nusu kwa miezi miwili. Mwalimu asidanganyike na urahisi wa kupakua akadhani na kupiga ni rahisi. Tena rekodi za Kronos ni za mabingwa, na kijana anayezisikiliza peke yake usiku anaweza kukata tamaa, kwa hiyo nimewazoesha kuzisikiliza pamoja, mimi nikiwepo, tukisimamisha na kuuliza: hapa ni nani anayeongoza, na anayemfuata amejuaje?

Na la mwisho, ambalo si lawama bali ni jambo linaloniuma: katika kazi zote nilizozifungua nimekutana na Mali, Misri, Azabajani, Uchina, India na wenyeji wa Aktiki ya Kanada, kila mmoja na lafudhi yake, lakini katika ngoma zetu za pwani chakacha sijaikuta, vugo sijalikuta, na ile fidla ya kulegezwa nyuzi mbili za juu sijaikuta. Watunzi wa mkusanyiko huu walialikwa na shirika, na shirika haliwezi kumwalika asiyejulikana kwa sababu hakuna alichokiandika.

Kwa anayeuliza kama inafaa, jibu langu ni kwamba inafaa, na kwa mwalimu mwenye wanafunzi wanne wa nyuzi waliovuka miaka mitatu ya masomo sijui huduma nyingine ya bei yoyote inayomzidishia kiasi hiki. Aanze na Tegere Tulon, aende Sunjata's Time kwa sehemu moja moja bila kufuata mpangilio, kisha My Desert, My Rose watakapokuwa wameaminiana. Mwalimu mwenye mwanafunzi mmoja au wawili tu asiiache pia. Karatasi ya jumla na rekodi, zikisomwa pamoja polepole, zinamfundisha kijana utunzi kuliko kitabu chochote nilicho nacho kabatini.

Sisi tunaendelea. Jumatano iliyopita mpiga selo alileta ukurasa aliouandika kwa mkono, wa mistari minne, uliopewa jina la Kisimani, ambao unaanza kwa selo peke yake kwenye uzi wa chini, fidla zote mbili zikiwa kimya kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningethubutu mimi. Katika kipimo cha tisa cha muziki viola inaingia kwa mapigo ambayo mzee wa mlangoni aliyatambua kabla sijayatambua. Nota mbili hazikuandikwa sawasawa, na ukurasa unaishia katikati. Nimemwambia aurudie kwa penseli, si kwa kalamu, na aache nafasi kubwa kati ya mistari, kwa sababu mzee ameomba akae naye Ijumaa baada ya alasiri, na ana ya kuongeza.